Tiba ya uhalisia pepe kwa wanaosikia sauti: kinachotibu ni mazungumzo

Kila matokeo mapya ya utafiti yanapotangazwa, vichwa vya habari huja na ahadi ileile: miwani ya kompyuta sasa inatibu skizofrenia. Wasomaji hugawanyika hapohapo. Wapo wanaouliza miwani hiyo inapatikana wapi. Wapo wanaoshtuka: mtu tayari anasikia visivyokuwepo, kisha mnamvisha kitu cha kumwonyesha visivyokuwepo vingine? Na wapo wenye ndugu mgonjwa ambao wanataka kujua jambo moja tu, kama sasa anaweza kuacha dawa.

Maswali yote matatu yanastahili jibu, na yote yamezaliwa na dhana moja, kwamba kinachotibu ni kifaa. Kinachotibu, pale kinapotibu, ni mazungumzo. Kifaa kinafungua nafasi ya mazungumzo ambayo kwa kawaida hayawezekani: mtu kukaa uso kwa uso na sauti inayomtesa, na kuijibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kusikia sauti, kwa maana ya makala haya, ni kusikia mtu akizungumza wakati hakuna aliyezungumza. Ni aina mojawapo ya maluweluwe. Sauti yaweza kuwa ya mtu unayemfahamu au mgeni kabisa, moja peke yake au kundi zima linalokujadili kana kwamba haupo. Yaweza kunong'ona jina lako mara chache kwa mwaka, au kukutukana kutwa kucha. Saikosisi ni hali ambayo mtu hupoteza mpaka kati ya kilichopo na kisichokuwepo, na skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa yanayoambatana na hali hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 23 hivi duniani, karibu mmoja katika kila 345, wana skizofrenia.

Lakini si kila anayesikia sauti ana skizofrenia. Waliofiwa husikia marehemu akiwaita. Sauti huwajia pia watu wenye sonona kali, wenye kiwewe, wenye ugonjwa wa Parkinson, hata waliokosa usingizi siku kadhaa. Wapo watu wazima wanaosikia sauti maisha yao yote, hazijawahi kuwasumbua, na hawahitaji tiba yoyote. Tiba tunayoizungumzia inawahusu wale wengine: ambao sauti zimewakaba kwa miaka, mara nyingi licha ya kutumia dawa.

Uhalisia pepe ni mandhari iliyotengenezwa kwa kompyuta ambayo mtu huiingia kwa kuvaa kifaa kinachofunika macho. Ukigeuza kichwa, mandhari nayo inageuka, hadi mwili wenyewe unaanza kuamini kwamba upo hapo. Na avata ni sura ya mtu iliyoundwa kwa kompyuta, yenye uso unaotazama na midomo inayosogea inapozungumza.

Sauti inatoka wapi

Anayesikia sauti haigizi. Vipimo vya ubongo vilivyofanyika wakati sauti zinasikika vimeonyesha kwamba sehemu zinazoshughulika na usemi huwa kazini. Kwa hiyo kumwambia "hakuna kitu, puuza" ni kumtaka akane alichokisikia kwa masikio yake.

Maelezo yanayoungwa mkono na wataalamu wengi yanahusu ule usemi wa ndani ambao sote tunao, maneno tunayojisemea kimyakimya tunapopanga siku au kujilaumu kwa kosa. Jaribu kujitekenya kwapani. Huchekeki, kwa sababu ubongo ulioutuma mkono wako umejipa taarifa mapema kwamba anayekuja ni wewe mwenyewe, ukapunguza makali ya mguso. Akikutekenya mtu mwingine, taarifa hiyo haipo. Inadhaniwa kwamba kwa baadhi ya watu taarifa kama hiyo hupotea kwenye usemi wa ndani pia: neno lililotoka kichwani mwao wenyewe linawafikia bila ile alama ya "huyu ni mimi", nao wanalipokea kama neno la mgeni. Mwaka 2000 watafiti wa London walilipima jambo hili kwa kugusa tu. Wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti hawakuona tofauti ambayo wengine huiona kati ya kujigusa na kuguswa.

Maelezo hayo yanatosha kueleza kwa nini sauti huonekana ya nje. Hayaelezi kwa nini iwe katili, wala kwa nini ijue mahali panapouma zaidi. Hapo inabidi tuache ubongo kidogo tumtazame mtu na maisha yake.

Mwaka 1994 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Paul Chadwick na Max Birchwood, walichapisha kazi iliyobadilisha fikra za wengi. Waliwauliza wagonjwa wanaiaminije sauti yao: ni nani, ina nguvu gani, itafanya nini isipotiiwa. Walikuta kwamba maneno ya sauti peke yake hayatoshi kutabiri mateso ya mtu. Kilichotabiri mateso ni imani kwamba sauti ni kubwa kuliko yeye, inajua yote, na haiwezi kukataliwa. Watu wawili waweza kusikia tusi lilelile. Mmoja akakereka na kuendelea na shughuli zake, mwingine akajifungia ndani wiki nzima kwa sababu anaamini aliyemtukana anaweza kumuua.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Mgonjwa yuko ndani ya uhusiano, na katika uhusiano huo yeye ndiye aliye chini.

Ushahidi mwingine ulikuja kutoka kwa mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye na wenzake waliwahoji watu 60 wenye saikosisi: 20 San Mateo katika jimbo la California, 20 Accra nchini Ghana na 20 Chennai nchini India. Wamarekani walizieleza sauti zao kama uvamizi, mara nyingi wenye vurugu na vitisho, na kama dalili ya ubongo mbovu. Chennai wengi walisikia sauti za jamaa zao zikiwaelekeza na kuwakaripia, kama jamaa wanavyofanya. Accra wengi walizungumzia sauti ya Mungu, na karibu nusu walisema kusikia sauti kwao kulikuwa jambo jema kwa jumla. Ugonjwa haukuwa mwepesi Accra kuliko California. Bado inaonekana kwamba namna mtu anavyohusiana na sauti yake inaweza kuwa tofauti, na kilicho tofauti huku na kule huenda kikabadilika hata ndani ya mtu mmoja.

Wazo la Julian Leff

Dawa za saikosisi zinawasaidia wengi, na kwa wengi ndizo zinazorudisha usingizi, utulivu na uwezo wa kufikiri sawasawa. Hata hivyo kuna sehemu kubwa ya wagonjwa, robo yao hivi au zaidi, ambao sauti hubaki ingawa dawa wanameza kama walivyoagizwa. Tiba ya mazungumzo inayochunguza fikra na imani husaidia pia, lakini ina ugumu wake: tabibu na mgonjwa wanajadili habari za mtu wa tatu ambaye tabibu hamwoni wala hamsikii.

Mwaka 2008 daktari wa magonjwa ya akili Julian Leff, wa University College London, wakati huo akiwa tayari amestaafu, aliwaza njia ya kumleta huyo mtu wa tatu chumbani. Alikuwa amegundua kwamba wagonjwa hutaja kukosa uwezo mbele ya sauti kuwa sehemu mbaya kuliko zote, na kwamba wale wanaofaulu kuzungumza nayo huhisi nafuu. Tatizo ni kwamba huwezi kuzungumza vizuri na kisichoonekana, kinachokukatiza kila ukifungua mdomo. Vipi kama kingepewa uso?

Katika tiba aliyoibuni, mgonjwa kwanza huisimulia sauti yake kwa kina. Ni ya nani? Ina umri gani? Inasema maneno gani hasa? Kisha kwa msaada wa programu ya kompyuta wanaunda avata pamoja: macho, nywele, umbo la uso. Sauti ya tabibu nayo hupitishwa kwenye programu na kubadilishwa mpaka mgonjwa aseme, ndiyo, inafanana na hiyo. Hatua hii huchukua muda na haifai kuharakishwa. Kwa watu wengi ni mara ya kwanza maishani kumweleza mtu kwa ukamilifu kile wanachokisikia, na kuona mwenzao akikichukulia kwa uzito.

Kisha mazungumzo yanaanza. Katika mpango wa London mgonjwa hukaa mbele ya skrini, tabibu yuko chumba kingine. Tabibu anaongea kwa njia mbili: kwa sauti yake ya kawaida kama mshauri anayemtia moyo, na kwa sauti iliyobadilishwa kama avata. Mwanzoni avata hutamka maneno yaleyale ambayo mgonjwa ameyasikia kwa miaka. Tuchukue mfano wa kubuni:

Avata: "Hufai kitu. Kila mtu anajua."

Tabibu, kwa sauti yake: "Mtazame machoni. Mwambie unachotaka ajue."

Mgonjwa: "Umeniambia hivyo kila siku. Leo sitaki kukusikiliza."

Avata: "Utanisikiliza. Siku zote unanisikiliza."

Mgonjwa: "Leo sikusikilizi. Nimechoka nawe."

Ukiyasoma hivi yanaonekana mepesi. Kwa mtu aliyetii kwa miaka 20 ni kazi nzito mno. Wengine hutetemeka, wengine sentensi ya kwanza huwachukua kikao kizima. Ndiyo maana sehemu ya ana kwa ana na avata hudumu dakika 10 au 15 tu katika kikao cha takribani dakika 50, na muda uliobaki hutumika kujiandaa na kutafakari. Mgonjwa anaweza kusimamisha mazungumzo wakati wowote.

Mara avata inapozoeleka, tabibu huanza kuibadilisha kidogo kidogo. Inanyamaza mapema kuliko jana. Inakubali hoja. Siku moja inasema, "Sikujua wewe ni jasiri kiasi hiki." Katika hatua ya pili mazungumzo huenda kwenye mambo yaliyo nyuma ya sauti: fedheha, huzuni, kujichukia, mara nyingi uonevu wa utotoni au unyanyasaji. Wapo ambao sauti yao ni ya mtu halisi aliyewadhuru. Hapo avata huweza kuwa mahali pa kutamka lile ambalo mtoto hakuweza kulitamka wakati ule. Mwishoni mgonjwa hupewa rekodi ya vikao, ili sauti ikirudi usiku awe na ushahidi, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba aliwahi kuikatalia.

Sijui tiba nyingine ya akili ambayo tabibu hujitwika kazi ngumu kama hii, kuwa mtesaji na mtetezi katika dakika moja, bila kuchanganya. Ndiyo maana mafunzo na usimamizi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Msomaji makini ameshaona kwamba mpango huo wa London haukutumia miwani. Ulikuwa skrini ya kawaida. Miwani ilikuja na makundi mengine, hasa la Alexandre Dumais huko Montreal nchini Kanada, na la Louise Birkedal Glenthøj huko Copenhagen nchini Denmark. Huko mgonjwa humkuta avata amesimama mbele yake ndani ya mandhari ya uhalisia pepe. Hoja yao ni kwamba ukaribu ukizidi, hisia nazo huzidi kuwa za kweli, na ujasiri unaojifunza hapo utakufuata nje. Yaweza kuwa kweli. Lakini wazo la msingi ni moja, na anayeziita tiba hizi zote "tiba ya miwani" ameshika ganda.

Inasaidia kweli?

Jaribio la kwanza la Leff, lililochapishwa 2013, lilikuwa dogo, watu 26 tu. Watatu waliacha kabisa kusikia sauti. Matokeo hayo ndiyo yaliyozaa vichwa vya habari vya kwanza, ingawa idadi hiyo haitoshi kusema lolote la uhakika, na baadhi ya washiriki hawakumaliza kwa sababu sauti ziliwatisha wasiendelee.

Jaribio kubwa zaidi liliongozwa na Tom Craig wa King's College London na matokeo yake yakatoka mwishoni mwa 2017. Watu 150 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu tiba ya avata, nusu ushauri nasaha wa kawaida, wote wakiendelea na matibabu yao. Baada ya wiki 12 kundi la avata lilikuwa limepata nafuu kubwa zaidi, na saba kati yao hawakusikia sauti tena, dhidi ya wawili upande wa pili. Baada ya wiki 24 tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Hapa ndipo habari nyingi hupotosha. Kundi la avata halikurudi nyuma. Lililokuwa nyuma ndilo lililosogea mbele. Kusikilizwa kwa utulivu na mtu anayejali nako kuna nguvu yake.

Mwaka 2024 Philippa Garety na wenzake walichapisha jaribio la watu 345 nchini Uingereza, wakilinganisha mpango mfupi wa avata, mrefu, na matibabu ya kawaida peke yake. Kufikia wiki ya 16 mateso yalikuwa yamepungua katika mipango yote miwili ya avata. Kufikia wiki ya 28 tofauti hiyo haikuwa dhahiri tena, isipokuwa jambo moja: waliopata mpango mrefu waliendelea kusikia sauti mara chache zaidi. Wadenmaki nao, wakitumia miwani kwa watu 271, walitangaza mwaka 2025 kwamba ukali wa sauti ulipungua kufikia wiki ya 12, ingawa kwa wastani kiasi hicho kilikuwa kidogo. Montreal waliposhindanisha tiba yao na ile tiba ya mazungumzo inayochunguza fikra na imani, zote mbili zilisaidia.

Nikizisoma takwimu hizi kwa pamoja naona tiba ya kweli yenye nafuu ya kweli, ambayo kwa wengi ni ya kiasi na kwa wachache ni kubwa ajabu. Swali gumu lililobaki ni kama nafuu hiyo hudumu. Mtu aliyeishi na mtesaji miaka mingi, vikao vichache vinaweza kumfungulia mlango. Huenda kutembea hadi mwisho wa njia kunahitaji vikao zaidi, na watu wa kumshika mkono baadaye.

Yanayosemwa mitaani

"Hiyo ni akili bandia inaongea na mgonjwa." Katika majaribio niliyoyataja anayeongea nyuma ya avata ni binadamu aliyefunzwa, anayesikia pumzi za mgonjwa na kujua lini akaze, lini alegeze. Kumkabidhi mtu mwenye saikosisi kwa programu inayojijibia yenyewe ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu ni hatari.

"Itamzidishia." Woga huu una msingi. Vikao vya mwanzo huweza kuzichochea sauti kwa muda, na watafiti wa Denmark waliliona hilo kwa sehemu ya washiriki wao. Ndiyo sababu tiba hufanyika ndani ya huduma ya afya, mgonjwa akifuatiliwa kati ya kikao na kikao. Mgonjwa pia anajua wazi kwamba avata imetengenezwa, aliiumba yeye. Hilo la kujua ndilo linalompa mahali salama pa kusimama.

"Basi aache dawa." Hapana. Washiriki wa majaribio haya waliendelea na matibabu yao. Kuacha dawa za saikosisi ghafla kunaweza kumrudisha mtu kwenye hali mbaya, na mabadiliko yoyote ni ya kupanga na daktari wake.

"Nitanunua kifaa nimtibu nyumbani." Kifaa cha michezo kitakupa michezo. Zaidi ya hapo, mtu asiyefunzwa anapoigiza sauti ya mtesaji mbele ya aliyeteswa, anamtonesha kidonda.

Kuna pia kuchanganya tiba hii na nyingine iitwayo gameChange, iliyotengenezwa na kundi la Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford na kujaribiwa kwa watu 346. Hiyo kweli ni ya miwani, na anayeongoza humo ni mkufunzi wa kompyuta. Kazi yake ni kuwazoesha wenye saikosisi kutoka nje tena, kupanda basi, kuingia dukani. Haizungumzi na sauti.

Kwa sasa tiba ya avata hupatikana zaidi ndani ya utafiti na kliniki chache. Aliye mbali nazo hana budi kuanza na vilivyopo: daktari, dawa, mtaalamu wa saikolojia, na pale yalipo, makundi ya wanaosikia sauti, yaliyochipuka Uholanzi tangu 1987 kwa juhudi za daktari Marius Romme na mwanahabari Sandra Escher, ambako watu huzungumza kuhusu sauti zao bila kuchekwa.

Na ndugu wa nyumbani anaweza kuuliza maswali yaleyale ambayo tabibu huanza nayo, bila kuigiza lolote: Leo imekuambia nini? Unaijua ni nani? Uliwahi kuikatalia, ikawaje? Uliza ukiwa tayari kusikiliza jibu refu. Ikiwa jibu ni kwamba sauti inamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, na anaona hawezi kuikataa, asiachwe peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.